Kusoma na kuchora ua la hariri ya Kiajemi: mwongozo kamili, tukianzia kwenye kamba

Mtu akikuwekea mbele hariri ya Uajemi ya karne ya 17, jicho hukimbilia petali. Mimi pia ndivyo nilivyoanza. Kazi yangu ni kuchora nakshi za vitambaa, na mwaka wa kwanza wa kuzipenda hariri hizi nilijaza daftari zima kwa maua mazuri sana ambayo hakuna mfumaji duniani angeweza kuyafuma. Nilidhani ua lilitoka bustanini likaingia kwenye kitambaa moja kwa moja. Kumbe njiani lilipita mahali pengine, nako ndiko lilikopata umbo lake: kwenye kamba.

Waajemi walimwita mtunzi wa michoro ya hariri naqshband. Neno la kwanza tunalijua, ni nakshi ile ile yetu. La pili, band, ni kufunga. Mfunga nakshi, basi, kwa sababu mchoro wake ulifungwa kweli kweli kwa kamba, fundo kwa fundo, kabla uzi mmoja wa hariri haujapita. Aliyevuma kuliko wote ni Ghiyath al-Din Ali wa Yazd, wa zama za Shah Abbas wa Kwanza (1587 hadi 1629). Alikuwa mshairi pia, na jina lake lipo limefumwa ndani ya baadhi ya vitambaa vyake.

Mwongozo huu una sehemu mbili zilizoshikana: kwanza kusoma kitambaa, kisha kuchora ua lako kwa kanuni zile zile. Huhitaji kumiliki hariri ya kale. Unahitaji picha nzuri, rula, karatasi ya grafu, penseli za rangi, na subira ya msusi wa mkeka.

Hatua ya 1: Pata picha inayofaa

Jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, liliachia picha za kazi zake nyingi zitumike bure mwaka 2017, na lile la Cleveland likafuata mwaka 2019. Victoria and Albert la London nalo lina hariri nyingi za Kiajemi unazoweza kuzitazama kwenye tovuti yake. Andika Safavid kwenye kisanduku cha kutafutia. Hilo ni jina la ukoo uliotawala Uajemi kuanzia 1501 mpaka mji mkuu wake, Isfahan, ulipoangukia mikononi mwa Waafghani mwaka 1722.

Utaletewa vitu vingi. Katika hariri za karne ya 16 utakuta watu: wawindaji, mateka wanaokokotwa, Layla na Majnun, wapenzi wa hadithi, jangwani. Karne ya 17 ikiendelea, watu wanapungua na mimea inashika uwanja. Anza na hizi za mimea. Chagua kipande kikubwa kiasi cha kuonyesha maua yasiyopungua sita, na ikiwezekana chenye pindo la pembeni. Vipande vilivyokatwa kutoka kwenye nguo viache kwanza, kwa kuwa mshono hukata mchoro mahali pabaya. Chapisha picha kwenye karatasi. Najua kioo cha simu kinakuza zaidi, lakini juu ya kioo huwezi kupiga mstari kwa penseli.

Hatua ya 2: Tafuta mrudio

Mrudio ni kipande kidogo kabisa cha mchoro ambacho, kikipangwa tena na tena, kinajaza kitambaa kizima. Usikitafute kwa kutazama ua lote, utachanganyikiwa. Chagua kitu kidogo kisichofanana na kingine: ncha ya jani lililopinda, mguu wa kipepeo, jiwe chini ya shina. Weka nukta. Nenda kulia kwa mlalo mpaka ukutane na ncha ile ile, weka nukta nyingine. Umbali huo ndio upana wa mrudio.

Sasa panda juu, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Safu ya pili ina ua lile lile, mtu anaweka nukta na kushangilia. Tazama tena. Mara nyingi safu ya kwanza ua linainama kulia, na ya pili linainama kushoto. Hayo si maua mawili yaliyo sawa, na mrudio wa wima ni safu mbili kwa pamoja. Vilevile usiiamini rangi. Ua la safu ya kwanza linaweza kuwa jekundu, la tatu la buluu, na mchoro ukawa haukubadilika hata mraba mmoja. Fuata mistari, rangi tutaifikia baadaye. Ukitaka njia rahisi, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe kabla ya kuichapisha.

Piga mstatili kuzunguka mrudio wako. Kuanzia sasa kila swali tutauliza ndani ya mstatili huo.

Hatua ya 3: Ingia ndani ya mtambo

Hatua hii usiiruke. Ukiielewa, nusu ya mambo yanayobaki utayajua bila kufundishwa.

Mtande ni nyuzi zilizotandwa kwa urefu wa mtambo. Mshindio ni uzi unaokatiza. Katika kitambaa cha kawaida nyuzi za mtande hunyanyuliwa kwa makundi machache, moja baada ya jingine. Ili upate ua, lazima uweze kunyanyua nyuzi uzitakazo, kwa idadi uitakayo, kila mshindio unapopita. Kwa hiyo juu ya mtambo wa Kiajemi zilining'inia kamba nyingi zilizounganishwa na mtande, na juu huko alikaa msaidizi wa kuzivuta. Katika karakana za Iran zinazofuma zari (kitambaa chenye nyuzi za dhahabu au fedha) kwa njia ya kale, msaidizi huyo bado anaitwa gushvareh-kesh, yaani mvuta hereni, kwa vile vitanzi anavyovivuta vinaning'inia kama hereni. Chini anakaa mfumaji. Wa juu anavuta, wa chini anapitisha uzi, na siku nzima huisha wamesogea sentimita chache tu.

Mfunga nakshi aliupokea mchoro ukiwa umegawanywa miraba. Kwa kila mstari wa miraba, na kwa kila rangi ndani ya mstari huo, alifunga kishada kimoja cha kamba. Kivute hiki, nyuzi hizi zinyanyuke, uzi mwekundu upite. Kivute kinachofuata, zile zinyanyuke, uzi wa buluu upite. Tupige hesabu ya ua dogo la mazoezi lenye miraba 48 kwa upana na 72 kwa urefu, rangi nne. Mistari 72 mara rangi nne ni vishada 288. Safu ya pili inayotazama upande wa pili inataka vishada vyake, kwa hiyo jumla ni 576. Ua halisi lina miraba mingi kuliko hiyo, sasa wewe malizia hesabu.

Lakini tazama ujanja uliomo. Kamba ya kwanza haikushika uzi mmoja tu. Ilishika uzi wa 1, wa 49, wa 97 na kuendelea mpaka mwisho wa upana. Ukiivuta mara moja, maua yote ya safu yanapata petali yake kwa wakati mmoja. Kupanua kitambaa ilikuwa rahisi, kurefusha mchoro ndiko kulikoumiza. Ndiyo maana maua ya safu moja yamefanana kama askari wa gwaride.

Hapa unapata kipimo cha kwanza cha kweli. Likiwapo kosa la kufunga kamba, tuseme petali yenye pengo, pengo hilo litaonekana kwenye kila ua la safu, mahali pale pale. Likiwa ni kosa la mkono wa mfumaji, litaonekana mara moja na halitarudi. Tafuta makosa ya aina zote mbili. Kitambaa kilichopita mikononi mwa watu huwa nayo, nami huyapenda kuliko ua lenyewe.

Ujanja wa pili ni wa kioo. Kamba zikifungwa kwenda na kurudi, yaani ya kwanza ishike uzi wa 1 na wa 48, ya pili ishike wa 2 na wa 47, basi kamba 24 zinatoa ua la miraba 48, nusu ya kulia ikiwa kivuli cha nusu ya kushoto. Vishada navyo vikivutwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo, mchoro unapinduka juu chini bila kufunga fundo jipya. Kwa hiyo ua lenye ulinganifu kamili, lililosimama wima kama mshumaa, ndilo lililokuwa nafuu. Ua linaloinama upande mmoja, tumba likiangalia kwingine na jani moja likiwa limekunjwa, lilidai kamba zake zote bila kupunguza hata moja. Macho yetu ya leo hudhani anasa iko kwenye dhahabu. Kwa mfunga nakshi, anasa ilikuwa kwenye ule mwinamo.

Jean Chardin, Mfaransa aliyekaa Uajemi miaka ya 1660 na 1670, aliandika kuhusu zarbaft, hariri ya zari ya daraja la juu, kwamba ilifanyiwa kazi na watu watano au sita kwa pamoja, huku vibao vya kupitishia uzi vikiwa 24 hadi 30. Aliongeza kwamba hapakuwa na kitambaa ghali kama hicho duniani. Ukishafanya hesabu ya vishada, huwezi kumbishia.

Hatua ya 4: Pima rangi kwa rula

Weka rula kwa mlalo juu ya picha, ukiikatiza safu ya maua. Hesabu rangi zinazogusa ukingo wa rula, ukiacha ile ya uwanja. Sogeza rula juu kidogo, hesabu tena.

Utashangaa jinsi zilivyo chache, tatu au nne, wakati mwingine tano. Kila rangi inayotumika kwenye mstari ni mshindio unaosafiri upana wote wa kitambaa, na mahali usipotakiwa mbele hujificha nyuma. Rangi zikizidi, kitambaa kinanenepa na kupoteza mwanguko wake. Mfumaji alikwepa kwa kubadilisha uzi mmoja safu ikiisha, akatoa mwekundu akatia wa buluu, na kitambaa kikaonekana kina rangi nane ilhali kila mstari una nne. Ndiyo siri ya ua jekundu na ua la buluu lenye mistari ile ile tuliloliona kwenye hatua ya 2.

Tofautisha na nyuzi zilizotiwa kwa mkono mahali pamoja tu, kama doa la njano katikati ya ua. Hizo hazisafiri, na zinaruhusiwa kuvunja hesabu yako.

Hatua ya 5: Tazama uzi wenyewe

Ukiwa na picha ya karibu, au ukibahatika kusimama mbele ya kabati la kioo, tafuta mambo haya.

Zari ni ukanda mwembamba mno wa fedha, mara nyingi uliopakwa dhahabu, uliozungushwa kwenye uzi wa hariri. Penye dhahabu, hariri ya ndani ni ya njano. Penye fedha, ni nyeupe. Madini yakichubuka, ile njano ya ndani inaendelea kung'aa kidogo, na kwa mbali huwezi kujua kwamba dhahabu imekwisha. Hila nzuri.

Mstari wa giza unaozunguka petali kama wanja una habari yake. Rangi nyeusi na ya kahawia zilitengenezwa kwa chuma, na chuma hula hariri polepole. Katika vipande vingi vya zamani wanja umetoweka kabisa, na mahali pake pamebaki kijifereji kinachoonyesha nyuzi za chini. Majani nayo mara nyingi yana ubuluu usio wa kawaida. Kijani kilipatikana kwa kuchovya mara mbili, njano ya mimea pamoja na nili. Njano ikafifia kwa mwanga, nili ikabaki peke yake. Wekundu ulitoka kwenye mizizi ya runasi au kwenye laki, rangi ya wadudu iliyoletwa kutoka India, ukishikishwa kwa shabu.

Uwanja wa kitambaa, ukiacha ule wa zari tupu, hupenda rangi za upole: buluu iliyopauka, kijani chepesi, krimu, na ile rangi ya kamba wa baharini aliyechemshwa ambayo nikiiona tu nahisi nipo Isfahan.

Kwenye mahameli mambo ni mengine. Manyoya yake yanatoka kwenye mtande wa ziada, na Waajemi walikuwa na ustadi wa kukata uzi wa manyoya mahali ulipokwisha kazi na kuunga wa rangi nyingine, ili kila ua lipate rangi yake. Nyuma ya kitambaa miungo hiyo huacha kijituta kidogo. Mtengenezaji wa kisasa hasumbuki hivyo.

Hatua ya 6: Liite ua kwa jina lake

Si kila ua la hariri lina jina. Yale makubwa ya mviringo yenye tabaka juu ya tabaka, Waajemi wanayaita khata'i, yaani ya Uchina, na asili yake ni yungiyungi na peoni za huko zilizobadilishwa mpaka hazitambuliki. Hayo usihangaike kuyatafuta bustanini. Mimea ya karne ya 17, kinyume chake, ilichorwa na watu walioitazama, hivyo ishara zake zinasaidia.

Airisi ina petali tatu zilizosimama na tatu zilizolala, na majani kama panga. Popi utaijua kwa tumba lake: linaning'inia kichwa chini kwenye kikonyo kilichopinda, hata ua lenyewe likiwa limechorwa ovyo. Nargisi ina petali sita na kikombe katikati, na kwa washairi wa Kiajemi ndiyo jicho la mpenzi. Laleh, ua jekundu lenye doa jeusi ndani, ni moyo uliochomwa chapa. Waridi lina petali duara ndani ya duara, na majani yake madogo huja matano matano kwenye kijiti kimoja. Ukiona ndege karibu yake, huyo ni bulbul, mpenzi wa waridi katika mashairi ya Kiajemi. Shafi Abbasi, mwana wa mchoraji mkubwa Reza Abbasi, alichora maua na ndege wa namna hii, na vitambaa vya karne ya 17 vimejaa mkono wa aina hiyo.

Ua lenye umbo la kipepeo cha kujipepea kwa mkono na ukingo wa meno meno, Waajemi wanaliita mikhak. Neno hilo hilo ndilo wanaloitia karafuu. Waturuki nao huliita karanfil, na hapo mtu wa Pemba hahitaji kamusi. Harufu ndiyo iliyowafanya wapeane jina.

Na korosho ya kwenye kanga? Waajemi wanaiita buteh, kichaka. Katika shali za Kashmir za karne ya 17 ilikuwa mmea mmoja mwembamba wenye maua, na karne ya 18 ilivyosonga ukajazwa, ukabanwa, ncha ikapinda, mpaka ukawa hilo umbo tunalofunga kiunoni. Ukikuta hariri ya Kiajemi iliyojaa buteh ndogo zilizopangwa kwa mistari, uko karibu zaidi na zama za ukoo wa Qajar (1789 hadi 1925) kuliko za Shah Abbas.

Hatua ya 7: Tenga na majirani

Hariri ya Kituruki ya Bursa na Istanbul huchanganywa sana na ya Kiajemi. Simama mbali uitazame. Ya Kituruki inasomeka ukiwa ng'ambo ya chumba: maua makubwa, uwanja mwekundu, tulipu ndefu na mikhak pana, majani yenye meno, mara nyingi ndani ya vyumba vyenye ncha juu na chini. Watu na wanyama ni nadra. Ya Kiajemi inakuita usogee.

Ya Kihindi ya Wamughal ni ndugu wa karibu zaidi, na ukweli ni kwamba walikuwa wakiazimana. Mfalme Jahangir alikwenda Kashmir majira ya machipuko ya mwaka 1620 na mchoraji wake Mansur akachora huko maua zaidi ya 100. Baada ya hapo mmea mmoja uliosimama peke yake ukawa kama nembo ya ufalme ule. Ua la Mughal linakutazama usoni kama mtu aliyepiga picha ya pasipoti, na pembeni yake pana nafasi. La Kiajemi lina shughuli zake, linainama, limepata mgeni kipepeo, na jani lake linakaribia kugusa la jirani.

Hatua ya 8: Kabla hujatoa pesa

Niliwahi kununua katika soko moja la Ghuba kipande kilichowekwa kwenye fremu, nikaambiwa ni cha Isfahan cha mwaka 1650. Nilikuwa tayari nimeshajua habari za rula, lakini furaha ilinizidi. Nilipofika nyumbani nikaweka rula, nikahesabu rangi tisa kwenye mstari mmoja. Nikafungua fremu. Nyuma palikuwa peupe. Ilikuwa imechapwa kama kanga, tena kanga ingekuwa imechapwa vizuri zaidi.

Kwa hiyo, omba kuona nyuma. Kitambaa kilichofumwa kina habari nyuma: nyuzi zilizojificha zikisubiri zamu, au, kama ni kile cha tabaka mbili, mchoro ule ule rangi zikiwa zimebadilishana. Pia kuna mashine ya Jacquard ya mwaka 1804 iliyoondoa kabisa adha ya vishada, na rangi za viwandani zilizoanza mwaka 1856. Kitambaa chenye zambarau kali ya kiwandani hakikuvaliwa na Shah Abbas.

Usijione mjinga ukidanganywa. Miaka ya 1920 zilianza kuuzwa hariri zilizosemekana kutoka makaburi ya Rayy, karibu na Tehran, za zama za ukoo wa Buyid, karne ya 10 na 11. Majumba makubwa ya makumbusho yalizinunua, wataalamu wakabishana miaka mingi, na vipimo vya kaboni vikaja kuonyesha kwamba nyingi zilifumwa siku za karibuni.

Jaribio la kuchoma uzi, linalotoa harufu ya nywele zikiungua kama ni hariri, lifanye kwenye kitambaa kipya tu. Kipande cha kale usikichome, usikifue, usikipige pasi, na zari iliyosawijika kwa unyevu wa pwani usiisugue. Kizungushe kwenye bomba lililofunikwa na merikani iliyofuliwa mpaka wanga wote ukatoka, mchoro ukiwa upande wa nje, kisha ukiweke gizani.

Hatua ya 9: Chora ua lako

Tuchore airisi ya miraba 48 kwa 72.

Kwanza rekebisha mraba. Kwenye kitambaa, hatua za mtande na za mshindio hazilingani. Tuseme cha kwako kitakuwa na hatua 20 kwa sentimita kwa upana na 25 kwa urefu. Basi ua lako litatoka sentimita 2.4 kwa 2.88, wakati kwenye karatasi ya grafu linaonekana refu zaidi kuliko hapo. Lichore refu kuliko unavyolitaka na liache lionekane limekonda. Mtambo utalinenepesha.

Anza na bua, usianze na ua. Liweke mguu kwenye mraba wa 14 kutoka kushoto, lisukume mpaka wa 30 katikati ya urefu, kisha lirudishe mpaka wa 22 chini ya kichwa. Mpindo huo mmoja ndio uhai wote wa mchoro. Halafu weka kichwa, kikitazama upande ambao bua linaelekea. Kisha tumba moja, likitazama kinyume. Kisha majani mawili marefu na moja fupi, na jani moja lipite mbele ya bua.

Sasa wanja. Upana wake ni mraba mmoja, na kwenye mpindo unashuka kwa ngazi. Kanuni ya ngazi ni hii: urefu wake upungue au uongezeke kwa utaratibu. Miraba 5, kisha 3, 2, 1, 1, 2, 3, 5 inatoa mpindo laini. Ukichora 5, 1, 3, 1, 4 utapata msumeno, na kwenye hariri inayometa msumeno unaonekana kuliko kwenye karatasi. Nenda petali kwa petali ukihesabu ngazi kwa sauti. Ni kazi ya kuchosha, nami huifanya redio ikiwa imefunguliwa.

Jaza rangi: wanja, waridi, buluu, kijani. Pitisha rula kila mstari. Mahali ambapo umehitaji rangi ya tano, iondoe au uhamishe kitu juu au chini mpaka visigongane.

Safu ya pili, geuza ua kushoto kulia na ulisogeze miraba 24, likae kwenye pengo la maua mawili ya chini. Kitakachotoka kwenye ukingo wa kulia lazima kiingie kushoto kwenye mstari ule ule, la sivyo jani lako litakatwa katikati ya kitambaa. Sasa mrudio ni 48 kwa 144.

Toa nakala sita, zibandike ukutani zikiungana, rudi nyuma hatua tatu na ufumbe macho nusu. Usitazame maua. Tazama uwanja uliobaki wazi. Nafasi hizo zikiungana zikawa njia nyeupe inayokatiza ukuta, hiyo tunaiita mto, na kitambaani kila mtu atauona mto kabla ya ua. Ufunge kwa kusogeza vitu vidogo, yaani tumba, kipepeo au ncha ya jani. Kichwa na bua usiviguse. Airisi yangu ya kwanza ilikuwa na mto wa mshazari kutoka pembe hadi pembe, nikahangaika nao siku mbili nikichora majani mapya, na dawa yake ikaja kuwa tumba moja lililosogezwa miraba mitatu kushoto.